Mfumo wa Faili wa Kusoma Tu Katika Kiini cha Linux: Ujenzi Wake na Istilahi Zake

Utangulizi

Kila anayeandika insha yake katika tarakilishi hukutana na faili. Huipa jina, huihifadhi, na siku ya pili huiita kwa jina lilo hilo ikaja. Jambo hili limezoeleka mno hata aghalabu halizui swali. Hata hivyo, diski yenyewe haijui jina, haijui insha, wala haijui saraka. Kinachopatikana juu yake ni msururu mrefu wa baiti, yaani nambari kati ya 0 na 255 zilizopangwa moja baada ya nyingine. Kinachougeuza msururu huo ukawa majina, saraka na maandishi ni mfumo wa faili.

Makala haya yananuia kueleza jinsi mfumo wa faili ulio sahili sana, ule wa kusoma tu, unavyojengwa ukiwa moduli ya kiini cha Linux. Mfano utakaotumiwa ni romfs, mfumo ulioandikwa na Janos Farkas na ambao umekuwa sehemu ya Linux tangu mwaka 1997. Umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, umbo lake ni dogo kiasi kwamba msomaji anaweza kulifuata baiti kwa baiti akiwa na kalamu na karatasi tu. Pili, ndani yake mnapatikana karibu dhana zote za msingi ambazo Kiswahili kinahitaji kuzipa majina katika uwanja huu.

Sababu hii ya pili ndiyo inayowahusu zaidi wasomaji wa jarida hili. Mijadala ya istilahi za tarakilishi imekuwa ikiendeshwa kwa muda mrefu, na mara nyingi imekuwa mijadala ya orodha: neno la Kiingereza upande mmoja, mapendekezo mawili au matatu ya Kiswahili upande wa pili. Makala haya yanashikilia kwamba istilahi haiwezi kupimwa uzito wake kabla ya kueleweka kazi ya kitu kinachotajwa. Kwa hivyo yataanza na kazi, kisha yarejee kwenye maneno.

Kiini na Moduli

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Sehemu yake ya ndani kabisa ni kiini. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachopanga zamu za programu na kinachozungumza na vifaa kama vile diski na kibodi. Programu za kawaida hukaa nje ya kiini, kila moja katika eneo lake. Programu mojawapo ikikosea, kiini huisimamisha na nyingine zikaendelea na kazi.

Msimbo ulio ndani ya kiini hauna mlinzi wa namna hiyo. Ukiandika mahali pasipokuwa pake katika kumbukumbu, unaweza kuiangusha tarakilishi nzima pamoja na kazi ya watumiaji wote. Ndiyo maana anayeandika msimbo wa kiini hana budi kuwa mwangalifu kuliko mwandishi wa programu ya kawaida. Hata maktaba za kawaida za lugha ya C, ambayo ndiyo hutumiwa kuandikia sehemu kubwa ya kiini, hazipatikani humo. Anayetaka kuchapisha ujumbe hawezi kutumia printf aliyofundishwa darasani, bali hutumia printk ambayo kiini chenyewe kimeitoa.

Moduli ni kipande cha msimbo kinachoweza kuingizwa katika kiini ambacho tayari kinafanya kazi, bila tarakilishi kuzimwa, na baadaye kikatolewa. Amri ya insmod huiingiza. Amri ya rmmod huitoa. Kwa hiyo kila moduli ya aina hii huwa na vitendo viwili vya lazima, kimoja cha kuingilia na kimoja cha kutokea. Kwa moduli ya mfumo wa faili, kitendo cha kuingilia hufanya jambo moja kubwa: huita register_filesystem ili kujiandikisha kwa kiini. Kitendo cha kutokea hufuta uandikishaji huo. Moduli ikiisha kujiandikisha, jina lake huonekana katika orodha iliyo kwenye /proc/filesystems. Kufikia hapo haijasoma hata baiti moja ya diski. Imetangaza tu kwamba iko tayari kuitwa.

Tabaka la Kati na Mfano wa Ngeli

Linux hutumia mifumo mingi ya faili kwa wakati mmoja. Diski ya tarakilishi huwa na wake, CD huwa na mwingine, na kifaa cha USB huwa na mwingine tena. Hata hivyo programu ya kuandikia insha haihitaji kujua tofauti hizo. Husema "fungua", "soma" na "funga", na maneno hayo hufaa kila mahali. Linalowezesha hayo ni tabaka linalokaa kati ya programu na mifumo yote ya faili, ambalo laweza kuitwa tabaka la mfumo dhahania wa faili. Wazo hili lilitekelezwa katika kampuni ya Sun Microsystems mnamo mwaka 1985, wakati faili za diski ya karibu na faili zilizokuwa katika tarakilishi ya mbali zilihitaji kufikiwa kwa njia moja.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana mfano wa tabaka hili katika lugha yake. Neno lolote la kigeni linapoingia katika Kiswahili, sentensi haiulizi limetoka wapi. Huuliza liko katika ngeli gani. "Kitabu" ni neno la asili ya Kiarabu, lakini lilipopokewa katika ngeli ya KI-VI lilipata wingi wake, "vitabu", na upatanisho wake wote. Vivyo hivyo, mfumo wowote wa faili unapoingia katika Linux, hupaswa kujaza nafasi ambazo tabaka la kati limeziweka tayari. Ukiisha kuzijaza, programu zote hupatana nao bila kuujua kwa jina.

Nafasi hizo ni za vitu vinne. Cha kwanza ni bloku kuu, inayoeleza mfumo mzima uliopachikwa. Cha pili ni inodi, inayoeleza faili au saraka moja: aina yake, ukubwa wake na mahali data yake ilipo. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba inodi haibebi jina. Jina hubebwa na kitu cha tatu, ingizo la saraka, ambalo huunganisha jina na inodi. Cha nne ni faili iliyofunguliwa, inayokumbuka msomaji fulani amefika wapi katika usomaji wake. Watu wawili wakisoma faili moja kwa wakati mmoja, inodi huwa moja ilhali faili zilizofunguliwa huwa mbili.

Kazi ya mwandishi wa moduli, basi, ni kuandaa majedwali ya vitendo kwa ajili ya vitu hivi. Katika kila nafasi huweka kielekezi cha kitendo alichokiandika yeye. Mfumo wa kusoma tu huacha nafasi nyingi wazi: hakuna kitendo cha kuunda faili, hakuna cha kufuta, hakuna cha kubadilisha jina.

Umbo la Taswira ya romfs

Wanafunzi wa fasihi wanalijua neno "taswira" kwa maana ya picha inayojengwa akilini kwa maneno. Katika uwanja huu limetumiwa kwa maana ya nakala kamili ya yaliyomo katika diski, ikiwa imewekwa ndani ya faili moja. Taswira ya romfs hutengenezwa na programu iitwayo genromfs, ambayo huchukua saraka ya kawaida na kuipanga upya katika msururu wa baiti.

Chukua mfano wa taswira iliyopewa jina "mashairi", yenye faili moja tu iitwayo "salamu", ambayo ndani yake mna maneno haya: "Karibu maktabani." Maneno hayo, pamoja na nafasi na nukta, ni baiti 17. Taswira yake hupangika hivi:

Nafasi 0 hadi 7: herufi nane -rom1fs- ambazo ni alama ya utambulisho.
Nafasi 8 hadi 11: nambari 160, ukubwa wa mfumo mzima kwa baiti.
Nafasi 12 hadi 15: jumla ya ukaguzi.
Nafasi 16 hadi 31: jina "mashairi", likifuatwa na sufuri nane.
Nafasi 32 hadi 63: kichwa cha saraka kuu, yenye jina "." (nukta moja).
Nafasi 64 hadi 95: kichwa cha ".." (nukta mbili).
Nafasi 96 hadi 127: kichwa cha faili "salamu".
Nafasi 128 hadi 144: maneno ya faili yenyewe.
Nafasi 145 hadi 159: sufuri 15 za kujazia.

Baada ya hapo genromfs huongeza sufuri nyingine hata urefu wa taswira ugawanyike kwa 1024, lakini baiti 160 za mwanzo ndizo zenye maana.

Kila kichwa cha faili huanza na nambari nne, kila moja ikichukua baiti nne, kisha hufuata jina. Nambari ya kwanza huonyesha kichwa kinachofuata kiko wapi. Ya pili ina maana inayotegemea aina ya faili. Ya tatu ni ukubwa. Ya nne ni jumla ya ukaguzi ya kichwa hicho. Kila kichwa sharti kianze mahali panapogawanyika kwa 16, na ndiyo sababu ya kuwapo kwa zile sufuri za kujazia.

Sharti hilo lina faida iliyofichika. Maadamu mahali pa kila kichwa hugawanyika kwa 16 bila baki, baki hiyo haina kazi, na inaweza kuazimwa kubebea habari nyingine. Katika taswira ya "mashairi", nambari ya kwanza katika kichwa cha saraka kuu ni 73. Ukiigawa kwa 16 hubaki 9. Ukiiondoa 9 hiyo husalia 64, na hapo ndipo kilipo kichwa kinachofuata. Baki ya 9 nayo ni 8 na 1: moja ni alama ya saraka, na nane ni ruhusa ya utekelezaji, ambayo kwa saraka humaanisha ruhusa ya kuingia ndani yake. Katika kichwa cha ".." nambari ya kwanza ni 96, ambayo haina baki, aina 0 ni kiungo kigumu, yaani jina la pili la kitu kilekile, na nambari yake ya pili, 32, hukirejesha kwenye saraka kuu. Katika kichwa cha "salamu" nambari ya kwanza ni 2. Baki ya 2 ni alama ya faili ya kawaida, na kinachosalia baada ya kuiondoa ni sufuri, maana yake hakuna kichwa kingine kinachofuata. Mnyororo umeishia hapo.

Kuna suala jingine la mpangilio. Nambari za romfs huandikwa sehemu kubwa ikitangulia, kama mtu asemavyo "ishirini na tano". Vichakataji vya Intel huziweka nambari sehemu ndogo ikitangulia, kama wazee wa pwani walivyosema "khamsa wa ishirini". Nambari ni ileile, ila asiyejua mpangilio ataisoma kinyume. Kwa hiyo moduli hupitisha kila nambari katika kitendo cha be32_to_cpu, ambacho huigeuza pale inapohitajika na kuiacha ilivyo pale isipohitajika.

Safari ya Jina Hadi Maneno

Umbo la taswira likiisha kueleweka, moduli yenyewe huwa na hatua chache za kufuata. Mtumiaji anapotoa amri ya kuipachika taswira, kwa mfano kwenye saraka ya /mnt, tabaka la kati huita kitendo cha moduli cha kujaza bloku kuu. Kitendo hicho husoma mwanzo wa taswira na kuhakikisha kwamba herufi nane za utambulisho ziko. Kisha hujumlisha nambari zote za baiti 512 za mwanzo, au za mfumo mzima ikiwa ni mdogo kuliko hapo. Mtengenezaji aliichagua jumla ya ukaguzi kwa namna ya kufanya hesabu hiyo iwe sufuri. Isipokuwa sufuri, taswira imeharibika na moduli hukataa kuendelea. Ikikubalika, moduli huweka alama ya kusoma tu, hutafuta mwisho wa jina "mashairi", hufika nafasi ya 32, na kuunda inodi ya saraka kuu.

Hatua ya pili ni kutafuta jina. Mtumiaji akitaka kufungua /mnt/salamu, kiini huangalia kwanza katika akiba yake ya maingizo ya saraka. Kama hakuna, huiita moduli na kuipa inodi ya saraka pamoja na jina linalotafutwa. Moduli husoma kichwa cha saraka, ambacho nambari yake ya pili huonyesha kichwa cha kwanza kilichomo. Huanzia 32 na kukuta ".", silo. Huenda 64 na kukuta "..", silo. Huenda 96 na kukuta "salamu", ndilo. Hapo huunda inodi na kuipa nambari 96, ukubwa wa 17, na mwanzo wa data katika nafasi ya 128. Laiti jina lisingepatikana, nambari ya sufuri ingeonyesha mwisho wa mnyororo, na mtumiaji angeambiwa faili hiyo haipo. Kuorodhesha saraka hufuata njia iyo hiyo, ila badala ya kulinganisha majina, moduli hukabidhi kila jina inalolikuta.

Ni dhahiri kwamba utafutaji huu ni wa polepole katika saraka yenye maelfu ya majina, kwani huenda ukapitia kila kichwa. Huo ni uamuzi wa makusudi. Mfumo huu ulikusudiwa disketi za uokoaji na vifaa vidogo, ambamo uchache wa msimbo ulikuwa na thamani kuliko kasi. Maelezo yanayoambatana na kiini husema kwamba moduli ya awali ya romfs ilichukua chini ya baiti 4096.

Hatua ya mwisho ni kusoma. Kiini hakiombi baiti 17. Huomba ukurasa mzima, ambao kwa tarakilishi nyingi ni baiti 4096. Moduli hunakili baiti 17 kutoka nafasi ya 128, kisha hujaza baiti 4079 zilizosalia kwa sufuri, na kutangaza kwamba ukurasa uko tayari. Kujaza sufuri si mapambo. Ukurasa huo wa kumbukumbu huenda ulitumiwa dakika moja iliyopita na programu nyingine, labda ikiwa imehifadhi humo nywila ya mtu. Moduli ikisahau kuusafisha, siri ya mtu mmoja inaweza kumfikia mwingine kupitia faili isiyohusiana nayo kabisa. Baada ya hapo ukurasa huwekwa katika akiba, na msomaji wa pili hupata maneno yale bila diski kuguswa.

Kinachoepukwa na Kisichoepukwa

Huenda ikadhaniwa kwamba mfumo usioandikika ni mfumo wenye ulemavu. Kinyume chake ni kweli katika mazingira mengi. Mfumo unaoandikika hulazimika kukumbuka ni bloku zipi zilizo tupu, kuwazuia waandishi wawili wasigongane, na zaidi ya yote kujiandaa kwa kukatika kwa umeme. Kuongeza faili moja huhitaji mabadiliko katika mahali kadhaa: inodi, saraka na ramani ya bloku tupu. Umeme ukikatika baada ya badiliko la kwanza na kabla ya la tatu, diski hubaki ikijipinga yenyewe. Ndiyo maana mfumo wa ext3, ulioingizwa katika Linux mwaka 2001, uliongezewa daftari la kuandikia mabadiliko kabla hayajatekelezwa. Mfumo wa kusoma tu hauhitaji daftari hilo, kwa kuwa hauna jambo linaloweza kuachwa nusu.

Hii ndiyo sababu wazo hili halijapitwa na wakati. CD zimetumia kiwango cha ISO 9660 tangu mwaka 1988. SquashFS, inayobana data ili ichukue nafasi ndogo, iliingia katika kiini mwaka 2009 na hutumiwa katika vifaa vingi vya kusambazia intaneti majumbani na ofisini. EROFS, iliyoanzia katika kampuni ya Huawei, iliingia katika kiini mwaka 2018, na sasa hupatikana katika simu nyingi za Android. Msomaji anayeibeba simu ya namna hiyo ana mfumo wa faili wa kusoma tu mfukoni mwake. Simu yake ikizimika ghafla kwa kuishiwa chaji, sehemu hiyo ya mfumo haina la kupoteza.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba "kusoma tu" ni sawa na "kulindwa". Moduli imeahidi kutoandika. Haikuahidi kwamba hakuna mwingine atakayeandika. Anayeweza kuifikia diski yenyewe anaweza kubadilisha baiti zake kwa njia nyingine. Jumla ya ukaguzi haimzuii, kwa sababu mtu aliyebadilisha maneno anaweza vilevile kukokotoa jumla mpya. Kinga yake ni dhidi ya ajali, si dhidi ya hila. Simu za Android ziliongezewa ukaguzi wa kina zaidi, uitwao dm-verity, kuanzia toleo la 4.4 la mwaka 2013, ili kuthibitisha kwamba kila bloku ni ileile iliyotiwa saini na mtengenezaji.

Hatari hii humhusu mwandishi wa moduli moja kwa moja. Tuseme mtu mwenye nia mbaya ametengeneza taswira ambamo kichwa kilicho katika nafasi ya 96 kinadai kwamba kinachofuata kiko 96. Moduli isiyo na tahadhari itazunguka hapo milele, nayo imo ndani ya kiini. Au nambari ya ukubwa idai baiti milioni moja ilhali taswira yote ni 160. Kila nambari itokayo kwenye diski, basi, yapaswa kuchukuliwa kama ushahidi wa shahidi asiyejulikana: usikilizwe, ulinganishwe, kisha uaminiwe kwa kipimo. Usahili wa mfumo haumwondolei mwandishi jukumu hili. Unachofanya ni kuyafanya mambo ya kukaguliwa yawe machache.

Suala la Istilahi

Sasa yaweza kurejelewa hoja iliyotajwa mwanzoni. Neno la Kiingereza linaloitwa kiini katika makala haya lina maana ya asili ya punje iliyo ndani ya ganda. Mtafsiri anayetegemea kamusi peke yake angeweza kuandika "punje", naye hangekuwa amekosea kikamusi. Lakini punje ni moja kati ya nyingi. Ikianguka huokotwa nyingine. Kiini, kama kiini cha yai au kiini cha jambo, ni kimoja, na kikiharibika yaliyobaki hayana maana. Aliyeelewa kwamba kosa moja humo huangusha tarakilishi nzima hatasita kuchagua "kiini".

Mfano wa pili una uzito zaidi. Tendo la kuunganisha taswira na mti wa saraka hutajwa kwa Kiingereza kwa kitenzi ambacho pia humaanisha kupanda farasi au mlima. "Kupanda" hakuna maana yoyote hapa. "Kupandikiza" kunakaribia, kwa kuwa saraka huwazwa kama mti na taswira kama tawi jipya. Ila tawi lililopandikizwa hukusudiwa kushikana na mti na kukua nao, ilhali taswira hukusudiwa kuondolewa salama wakati wowote. "Kupachika" ndiko kunakobeba dhana nzima: kitu huwekwa mahali pake, kikashika, kikafanya kazi, na kinaweza kuondolewa bila kuharibika, kama mshale upachikwavyo katika upinde. Isitoshe, mofolojia ya Kiswahili inatoa kinyume chake bila kuazima chochote: pachika na pachua, kama funika na funua. Kiingereza hulazimika kuongeza kiambishi cha kukanusha mwanzoni mwa neno. Kiswahili hutumia kiambishi cha utenguzi ambacho kilikuwapo kabla ya tarakilishi ya kwanza kuundwa.

Si kila neno lina bahati hiyo. "Inodi", "bloku" na "baiti" zimeazimwa, na hakuna hasara katika hilo maadamu zimeingia katika ngeli na kupatana na vitenzi. Kinachopaswa kuepukwa ni neno la Kiswahili fasaha lisiloeleza kitu, ambalo msomaji hulazimika kulirudisha katika Kiingereza ndipo alielewe.

Juhudi za kuipa tarakilishi sura ya Kiswahili si ngeni. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilihusu maneno yanayoonekana kwenye skrini, na ilikuwa hatua kubwa. Hatua inayosalia ni ya kueleza yanayotendeka nyuma ya skrini, na hiyo haiwezi kufanywa na mtaalamu wa lugha peke yake wala na mtaalamu wa tarakilishi peke yake. Wa kwanza atatoa maneno yasiyo na kazi; wa pili atatoa kazi isiyo na maneno.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mfumo wa faili wa kusoma tu hujengwa kwa mambo machache: uandikishaji, bloku kuu, inodi, utafutaji wa jina na usomaji wa kurasa. Mambo mengine hubadilika. Kitendo cha kusoma ukurasa kiliitwa readpage kwa miaka mingi hadi toleo la 5.19 la mwaka 2022, lililokibadilisha kwa read_folio, na moduli zilizoandikwa kabla ya hapo hazina budi kurekebishwa. Lakini umbo la romfs lililowekwa mwaka 1997 lingali lilelile, na taswira iliyotengenezwa wakati huo ingali inasomeka. Makubaliano yaliyoandikwa juu ya diski yamedumu kuliko majina yaliyotumiwa kuyatekeleza.

Kwa mwanafunzi wa tarakilishi, taswira ya baiti 160 ni somo la kwanza linalofaa kabla ya kuigusa mifumo inayoandikika. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, ni nafasi ya kuijaribu lugha katika dhana moja yenye mipaka, kuanzia baiti ya kwanza hadi ya mwisho. Wawili hao wakiketi meza moja na taswira moja, kila istilahi watakayoikubali itakuwa imekwisha kufanyiwa kazi kabla ya kuingizwa katika kamusi.